Kamba ya Marlene

Jumamosi, tarehe 27 Aprili 2019. Alfajiri ilinyesha mvua ya rasharasha, ikakatika saa mbili, na ukungu ukabaki umelala juu ya mto Monongahela mpaka karibu saa nne. Ilikuwa bado wiki ya Pasaka. Mjini Kelsing, Pennsylvania, Irene Sabol alisimama jikoni kwake akikata paska, mkate mtamu wa sikukuu, vipande vyembamba ili vitoshe watu thelathini. Alikuwa na miaka sitini na saba. Mumewe Andy alikaa mezani amevaa koti, ingawa mlango siku hiyo ulikuwa umefungwa.

"Koti la nini?" aliuliza Irene. "Marlene haji hapa leo. Anakuja ukumbini."

"Mazoea tu," alisema Andy.

Marlene alikuwa mdogo wake Irene. Alikufa tarehe 26 Aprili 1974, akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu mwaka 1982 alikuwa akija mara moja kwa mwaka kuangalia filamu.

Filamu yenyewe iliitwa *Dirisha la Ghorofa ya Tatu*. Ilikuwa filamu ya kutisha ya dakika sabini na nne, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ya zile zilizoonyeshwa Jumanne watu wakishamaliza kula. Bibi harusi anahamia katika nyumba ya mlimani, na kila jua linapotua anamwona mwanamke mwenye gauni jeupe nje ya dirisha la juu kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kusimama. Kampuni kutoka California ilikuja kuipiga Kelsing kwa siku kumi na mbili, kwa sababu mji ulikuwa na nyumba iliyofaa, na moshi wa kiwanda cha chuma ulikaa vizuri kwenye kamera. Mji mzima ulifurahi. Kinyozi aliigiza maiti. Alikufa kweli mwaka 1991, na mpaka leo watu husema mara ya kwanza aliifanya vizuri zaidi.

Mwigizaji aliyetakiwa kusimama dirishani aliogopa kimo. Akatafutwa msichana wa hapo mwenye umbo kama lake. Marlene, aliyekuwa akikata tiketi katika jumba la sinema, alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Alivishwa gauni, akafungwa kamba kiunoni, na mwisho wa pili wa kamba akapewa Andy, aliyekuwa mchumba wa Irene, kijana wa kiwandani mwenye mikono ya kuaminika.

Siku hiyo Irene alisimama uani, aproni ya jiko la shule mkononi, akaita kwa sauti.

"Wee Andy! Utaishika?"

"Nitaishika!"

"Sema vizuri, watu wasikie!"

"Sitaiachia!" alisema Andy kutoka juu, na mafundi wa kamera wakapiga makofi. Irene akaenda kazini. Ilikuwa saa sita na nusu mchana.

Kikao cha kuchunguza kifo kilifanyika wiki iliyofuata katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kwa sababu mahakama ilikuwa ikipakwa rangi. Mtu wa kampuni alisema kazi ya siku hiyo ilikwisha saa nane. Andy akaulizwa, naye akasema ndiyo, ilikwisha saa nane. Ikaandikwa kwamba Marlene Petrak aliingia tena ndani ya nyumba bila ruhusa, kwa ajili ya mchezo, akaanguka kutoka dirishani. Irene aliamini. Aliamini kwamba mdogo wake alirudi peke yake, akajifunga kamba mwenyewe, vibaya, kama alivyokuwa akifunga viatu.

Filamu ilipoonyeshwa mwezi wa kumi mwaka uleule, televisheni ya akina Petrak, nyumbani kwa wazazi wa Irene, ilikuwa imefunikwa kitambaa cheusi. Nyumba yenye msiba haikuwasha redio wala televisheni mpaka mwaka utimie. Majirani waliitazama kidogo kidogo, kwa heshima, na kwa kuwa mawimbi yalifika bondeni yamechoka, waliona zaidi chenga. Hakuna aliyekuja kusema ameona nini.

Irene na Andy walioana mwaka 1976. Mwaka 1982 filamu ilirudiwa Jumamosi moja mchana, wakati wa Kwaresima. Irene alikuwa kanisani na akina mama wenzake wakikunja mikate ya Pasaka, hivyo akamwomba Andy airekodi. Siku hizo wanaume waliojivunia mashine zao hawakurekodi hivi hivi. Walikaa mbele ya televisheni na rimoti yenye waya mkononi, wakisimamisha kanda kila yalipoingia matangazo ya biashara na kuiachia filamu iliporudi, ili kanda itoke safi. Katika mtaa wao hakuna aliyemfikia Andy kwa hilo. Kanda za jirani yao Yurcik zilikuwa na nusu ya tangazo la sabuni. Za Andy hazikuwa hata na povu.

Tangazo la mwisho la mkupuo wa tatu lilipokwisha, Andy hakubonyeza. Alijua kipande kinachofuata ni kipi. Alihesabu mpaka arobaini, kisha akabonyeza. Irene aliporudi alimwambia kidole kiliteleza.

"Sekunde arobaini tu," alisema.

Ndizo sekunde pekee ambazo uso wa Marlene ulionekana. Kwingine kote katika filamu ni mgongo wake, au gauni, au mikono ya mwigizaji kutoka California.

Kesho yake baada ya ibada waliweka kanda. Ilipofika dakika ya ishirini mlango uligongwa, na Marlene akaingia miguu mitupu, amevaa gauni jeupe, kamba kiunoni. Alifuta miguu kwenye mkeka.

"Imeshaanza?" aliuliza.

"Zamani," alisema Irene. "Kaa. Unasikia baridi?"

"Kidogo."

Irene alimletea shali na kikombe cha chai. Marlene alikaa katikati ya kochi, akaitazama filamu mpaka mwisho, na majina ya waliofanya kazi yalipoanza kupanda alisogea mbele akayasoma yote, hata la mpishi na la dereva. Penye maneno "Mwanamke wa dirishani" palikuwa na jina la yule mwigizaji.

"Bado," alisema Marlene.

Alisuuza kikombe chake, akarudi mlimani.

Ikawa hivyo kila tarehe 26 Aprili. Waliiweka kanda mara moja tu kwa mwaka ili isichakae. Kamba ya Marlene ilikuwa ya futi arobaini, na mwisho wake ulibaki nje kwenye njia ya watu, kwa hiyo mlango haukufunga na Andy alivaa koti. Tarishi aliiruka. Magari yaliyotaka kuegesha yaliegesha mbele kidogo. Irene alinunua ndala za sufu akaziweka nyuma ya mlango, na Marlene alizivaa akiwa ndani, akazivua akitoka. Mwaka mmoja Irene alimuuliza huko juu anafanya nini siku zote.

"Nasimama," alisema Marlene. "Mkiwasha, nashuka."

Jirani mmoja, asiye na nia mbaya, aliwahi kumwambia Irene kwamba ana bahati, wengine wanalilia wafu wao na hawawaoni hata ndotoni. Irene alishukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, na hakuwa akidanganya. Lakini aliyekuja kunywa chai alikuwa Marlene wa baada ya kifo. Alikuwa na adabu kuliko zamani. Alitania kama zamani, ila mwenyewe hakucheka. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma cha daraja. Irene alitaka kumwona yule wa kabla, hata kwa sekunde arobaini, na kila mwaka filamu ilipofika mahali pale, picha iliruka kutoka mlangoni hadi kwenye ukelele wa bibi harusi, na katikati hapakuwa na kitu.

Andy naye alikuwa na ombi lake. Kwa miaka thelathini na saba, kila aliposhika kamba yake ya sala yenye mafundo, alimwomba Mungu moja kati ya mambo mawili: filamu nzima isipatikane kamwe, au yeye atangulie kufa. Mungu alimsikia akamnyima yote mawili.

Ilipatikana mwezi wa pili mwaka 2019. Bwana Leland Ostrow wa Columbus, mkusanyaji wa filamu za kale, mtu mpole mwenye kikohozi, aliikuta katika ghala la kituo cha televisheni kilichofungwa, magurudumu mawili ya filamu ndani ya mkebe wa kutu. Aliwaandikia watu wa Kelsing akiomba kuwaonyesha, nao wakapanga Jumamosi ya tarehe 27 Aprili; mwaka huo kanda ya Andy haikuwekwa tarehe 26. Wakati huohuo ilisemekana kampuni inataka kuitoa filamu upya kwenye diski, kwa ajili ya watu waliotishika nayo utotoni na sasa wanataka kutishika tena. Irene akaandika barua mbili kuomba jina la Marlene litajwe. Kampuni ilijibu kwamba jina la mtu ambaye hakuwa kazini haliwezi kuingizwa katika orodha ya waliofanya kazi, na kwamba arejee uamuzi wa kikao cha 1974. Ofisi ya wilaya ilijibu kwamba jalada la kikao lilizama katika mafuriko ya Novemba 1985, na jalada lisilokuwepo haliwezi kufunguliwa upya.

Irene alizikunja barua zote mbili akaziweka ndani ya kitabu chake cha sala. Kilichobaki kilikuwa zile sekunde arobaini.

"Huyo Ostrow anaweza kuchelewa," alisema Andy sasa, pale jikoni. "Na projekta ya zamani, taa yake haikawii kuungua."

"Amefika jana. Amelala kwa Padre. Amekuja na taa mbili za akiba."

Andy alifunga vifungo vya koti.

Saa tisa alasiri ukumbi wa chini ya kanisa ulikuwa umejaa. Viti vya kukunja vilipangwa safu tano, shuka jeupe likatundikwa ukutani, mapazia yakafungwa. Juu ya meza ndefu ya mbao ulikaa mkate wa Irene, soseji, mayai, jibini la mayai na figili iliyotwangwa na kiazi chekundu, yaani mabaki ya Pasaka ambayo kila nyumba ilikuwa imechoka kuyala peke yake. Bwana Ostrow alipitisha filamu kwenye meno ya projekta, akakohoa, akawasha.

Rangi zilikuwa zimefifia zikageukia wekundu, hivyo kila mtu kwenye shuka alionekana ametoka kuoga maji ya moto. Watu walianza kutajana.

"Huyo baba yangu! Amebeba ngazi!"

"Hiyo siyo ngazi, ni kreti ya bia."

"Basi ndiye baba yangu kweli."

Kwenye dakika ya ishirini Marlene aliteremka ngazi za ukumbi. Kamba ilimfuata kwenye kila daraja. Akina mama waliokuwa na sinia waliinyanyua kwa mguu wakapita. Padre Mihalik, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisimama.

"Kristo amefufuka!"

"Kweli amefufuka," alisema Marlene.

"Jina lako lilikuja kwenye orodha ya marehemu, lakini wiki hii hatuimbi nyimbo za wafu. Utatusamehe."

"Nitasubiri, Padre. Nimezoea."

Pauline Yurcik, mjane wa yule jirani wa kanda zenye povu, aliondoa mkoba wake kwenye kiti. Alikuwa na miaka sitini na nne na alisoma darasa moja na Marlene.

"Umechelewa," alisema.

"Nimekuja kwa miguu. Pauline, umezeeka tangu mwaka jana."

"Na wewe hutaki kuzeeka, unatuaibisha tu. Tulikaa dawati moja. Leo huyu mgeni wa projekta ataniuliza kama wewe ni mjukuu wangu."

"Mwambie ndiyo. Labda utanipa hiyo soseji."

Marlene alipita akakaa kati ya Irene na Andy. "Shemeji," alisema, "kila mwaka tumbo lako linatangulia kunipokea."

"Karibu, Marlene," alisema Andy, akakivuta kiti chake mbali kidogo na kamba.

"Unasikia baridi?" aliuliza Irene.

"Kidogo."

Irene alimpa kikombe cha chai, akamvisha ndala. Alikuwa amezileta ndani ya mfuko wa karatasi.

Filamu iliendelea. Bibi harusi alifika mlangoni, akashika kitasa. Kisha shuka likawa jeusi kwa sekunde mbili, pale ambapo kituo kingeweka matangazo yake, na wote waliokuwa wakijua kanda ya Andy walinyoosha shingo. Irene alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Moyoni alisema, Bwana, nihurumie, kwa sababu hakuwa na neno lingine tayari.

Marlene alitokea dirishani, mkubwa kama ukuta.

Upepo ulikuwa ukimpiga nywele upande mmoja. Alikuwa amekaza uso apate kutisha, na kuuma mdomo wa chini, kwa sababu alikuwa akijizuia kucheka. Irene alikuwa amelisahau hilo. Alikuwa akikumbuka sauti na gauni la ubatizo na namna alivyochana nywele, lakini yule mzimu wa filamu, mwenye kazi ya kuogofya Amerika nzima, alikuwa kidogo tu apasuke kwa kicheko, na Irene alijua kicheko hicho kingeanzia puani. Alimtazama wa ukutani, akamtazama wa pembeni yake, akamrudia wa ukutani.

"Kumbe nilikuwa mzuri," alisema Marlene.

"Ulikuwa mzuri sana," alisema Irene.

Sekunde kumi zilikuwa zimepita. Kutoka kiunoni mwa Marlene ulitoka mstari mwembamba unaong'aa, ukaingia ndani ya chumba. Kwenye kioo cha dirisha lililofunguliwa alionekana kijana aliyepiga goti, kofia ya mistari kichwani, mwisho wa mstari ukiwa umezungushwa mara mbili mkononi mwake. Kwenye televisheni ya bondeni ingekuwa chenga tu. Kwenye shuka la futi kumi alionekana hata kola yake.

"Hiyo si kofia ya Andy?" alisema mtu safu ya nyuma.

Nyuma ya nyumba, chini kabisa, lilionekana daraja. Watu wadogo walikuwa wakivuka, wengine wakienda na wengine wakirudi, kila mmoja na kopo lake la chakula cha mchana. Hakuna mtu wa California ambaye angetambua hilo ni nini. Katika ukumbi ule hapakuwa na asiyetambua.

"Zamu inabadilishwa," alisema Pauline.

"Saa tisa," alisema mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita. "Saa tisa kamili hiyo, si nane. Tazameni, filimbi ya kiwanda inatoa mvuke."

Katika sekunde ya thelathini kijana wa kwenye kioo aligeuza kichwa, kama mtu aliyeitwa. Alisikiliza. Kisha alizungusha mkono kinyume, mara moja, mara mbili. Mstari unaong'aa ulilegea, ukashuka, ukatoka kwenye picha. Marlene, aliyeelekezwa aegemee mbele kidogo, aliegemea mbele kidogo.

Picha ikarukia kwa bibi harusi, na ukelele wake. Ulikuwa ndio ukelele uliosifiwa na magazeti mwaka 1974. Mwigizaji wa bibi harusi alikuwa kwenye dirisha la pili, na siku hiyo hakuwa ameandikiwa kupiga kelele.

Bwana Ostrow hakuisimamisha, kwa sababu filamu ya zamani ikisimama mbele ya taa huungua. Gurudumu la kwanza lilimalizika dakika tatu baadaye. Aliwasha taa za ukumbi, akaanza kufunga la pili, na hakuna aliyekwenda kuchukua chakula.

"Ni wewe," alisema Irene.

"Ni mimi," alisema Andy. "Waliniita. Wakasema kamba inang'aa kwenye kamera. Wakasema niachie sekunde nne tu."

"Na ile kanda?"

"Nilihesabu mpaka arobaini."

"Kidole hakikuteleza."

"Hapana."

"Zaidi ya miaka arobaini nimekula na wewe, Andrew."

Aliyejibu ni Pauline.

"Alikaa pale," alisema, akionyesha meza yenye mkate. "Meza ileile. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alisema saa nane, na mama yenu akamshukuru kwa kuja."

"Niliogopa," alisema Andy. "Nilisema nitasema kweli baada ya mazishi. Kisha nikasema baada ya arusi. Baada ya arusi sikuwa na mahali tena pa kuisemea."

Irene alimgeukia mdogo wake. "Ulijua?"

"Dada, mimi ndiye niliyefungwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila mwaka unaniuliza kama nasikia baridi."

"Na unasikia?"

"Sana," alisema Marlene.

Irene alivua sweta lake akamvisha juu ya gauni. Alilifunga vifungo vyote, kuanzia chini, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule. Vidole vyake vilikosea mara moja akaanza upya.

Padre Mihalik alitafuta karatasi, akapata tangazo la ibada ya Jumapili lenye nyuma nyeupe. Alisafisha sehemu ya meza, akasogeza mayai, na Andy akakaa pale alipokaa mwaka 1974. Alieleza yote tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa. Padre aliandika kwa herufi kubwa. Andy akatia sahihi, na watu sita wakatia sahihi chini yake, Pauline wa kwanza. Mzee wa kiwandani aliongeza kwa mkono wake kwamba filimbi ya saa nane haikuwahi kuwepo. Bwana Ostrow aliongeza namba ya mkebe.

Karatasi hiyo ilipelekwa posta Jumatatu, nakala mbili. Majibu yalikuja mwezi wa sita, katika wiki moja. Kampuni ilimtaka Irene arejee uamuzi wa kikao cha 1974. Ofisi ya wilaya ilieleza habari ya mafuriko. Diski ilitoka mwezi wa kumi, na ndani yake sekunde arobaini zimesafishwa vizuri sana, mstari unaong'aa umefutwa, na kwenye kioo cha dirisha pamewekwa mawingu.

Lakini Jumamosi hiyo hayo yote yalikuwa bado. Taa zilizimwa tena, gurudumu la pili likazunguka. Mzimu ulitolewa ndani ya nyumba kwa msalaba na maji ya bahari, jambo ambalo Padre alisema si utaratibu. Bibi harusi alipona. Majina yakaanza kupanda, nao Marlene akasogea mbele ya kiti. Safari hii ukumbi mzima ulisogea naye. Walisoma la mpishi. Walisoma la dereva. Walifika penye "Mwanamke wa dirishani", na jina lilikuwa lilelile la siku zote.

"Bado," alisema Marlene.

"Bado," alisema Irene.

Marlene alikwenda kwenye sinki la ukumbi akasuuza kikombe chake. Pauline alimfungia vipande viwili vya soseji ndani ya kitambaa cha karatasi, naye akavichukua. Alivua ndala mlangoni, akaziweka sawa, kisigino kwa kisigino. Sweta hakulivua, na Irene hakulidai.

Watu walitoka nje nyuma yake, wengine na sahani mkononi. Jua lilikuwa limetoka na lilikuwa bado juu ya kilima. Kutoka uani mwa kanisa nyumba ilionekana vizuri, na dirisha lake la ghorofa ya tatu, ambalo siku hizi halina kioo. Mwisho wa kamba ulikuwa umelala kwenye majani karibu na gari la Padre. Andy aliinama akauokota. Aliinama polepole kwa sababu ya magoti. Aliuzungusha mkononi mara mbili, kama alivyofundishwa.

Marlene alitazama kamba, kisha akamtazama yeye.

"Polepole basi, shemeji," alisema, akaanza kupanda.

Alipita makaburi. Alipita duka la kinyozi, lililofungwa. Kamba ilikuwa ya futi arobaini, na kutoka kanisani hadi kwenye nyumba ile ni zaidi ya nusu maili. Ilitosha. Ilipita mikononi mwa Andy kidogo kidogo, ikiwa na unyevu wa majani, na wote walisimama wakiitazama inavyokwenda, mpaka kitu cheupe kidogo, chenye sweta la kijani, kikatokea dirishani na kamba ikakaza.

Irene alikuja akasimama kando ya mumewe. Hakumgusa. Mkononi alikuwa na zile ndala.

"Utaishika?" aliuliza.

"Nitaishika."

"Sema vizuri, watu wasikie."

Andy alitazama juu kwenye dirisha. Alitazama Padre, na Pauline, na mzee wa filimbi, na watu thelathini wa Kelsing wenye sahani zao. Kisha akasema kwa sauti kubwa, iliyofika mpaka kule jikoni kwa waliokuwa wakiosha vyombo:

"Sitaiachia!"